Neno Kwanza, Picha Baadaye: Jinsi ya Kutengeneza Posti za Picha Zinazopatikana Watu Wanapotafuta

"Niweke hashitagi ngapi?" "Picha iwe na ukubwa gani?" "Mbona posti imependeza lakini haimfikii mtu?" Maswali haya hayaishi, na karibu wote wanaoyauliza wamefanya kazi kwa mpangilio mmoja: wametengeneza picha, wameifurahia, kisha dakika ya mwisho wakaanza kuhangaika na maneno ya kubandika chini yake. Kufikia hapo kazi imeshapinda. Neno ambalo mtu analiandika kwenye kisanduku cha kutafutia ndilo linalotakiwa kuamua picha iwe ya nini, maandishi yake yasemeje na ipelekwe mtandao upi. Kwa hiyo hapa tunaanza na neno, na programu ya kuchorea haifunguliwi mpaka hatua ya 7.

Tutatumia mfano mmoja toka mwanzo hadi mwisho: akaunti inayofundisha kutunza mimea ya ndani ya nyumba. Weka jambo lako mahali pa mimea, hatua hazibadiliki.

Andaa hivi kabla ya kuanza

- Akaunti ya kibiashara au ya mtayarishi kwenye mtandao unaoutumia. Akaunti binafsi ya kawaida mara nyingi haionyeshi takwimu unazozihitaji, na ikiwa imefungwa kwa umma, yote yanayofuata ni kazi bure.
- Lahajedwali lenye safu sita: neno, lilikotoka, nia ya anayetafuta, picha zilizopo tayari, msimu, alama.
- Kivinjari chenye hali fiche (incognito), ili mapendekezo ya Google yasifuate historia yako.
- Google Trends, zana ya bure ya Google inayolinganisha maneno yanavyotafutwa; inafunguka hata bila akaunti. Ukitaka makadirio ya idadi ya utafutaji, fungua akaunti ya Google Ads, sehemu ya matangazo ya Google, ili uingie zana yake ya maneno, Keyword Planner. Bila kulipia matangazo huwa inakupa makadirio mapana tu, kwa mfano kati ya 100 na 1,000, lakini hata hayo yanatosha kulinganisha neno na neno.
- Programu yoyote ya kuchora inayokuruhusu kuandika vipimo vya turubai kwa pikseli.
- Saa mbili zisizo na usumbufu. Mara ya kwanza utafiti huchukua muda mrefu kuliko kuchora, na ndivyo inavyopaswa kuwa.

Nadharia kidogo tu

Mtandao unaielewa posti yako kwa kuunganisha mambo matatu: maneno uliyoyaandika, kilichomo ndani ya picha, na watu wanachokifanya wakiiona. Hilo la pili wengi hawaliamini. Mwaka 2018 Facebook ilieleza mfumo wake uitwao Rosetta, unaosoma maandishi yaliyo juu ya picha na ndani ya video. Pinterest nayo imekuwa ikitambua vitu vilivyomo pichani kwa miaka mingi. Kwa hiyo picha ya machweo yenye maelezo kuhusu udongo wa chungu inatoa ushahidi wa pande mbili zinazopingana, na mtandao hauna sababu ya kuipeleka kwa anayetafuta udongo.

Jambo lingine la kujua: tangu tarehe 10 Julai 2025, posti za umma za akaunti za kitaalamu za Instagram (za kibiashara au za mtayarishi) zinaweza kuonekana kwenye injini za utafutaji kama Google. Maneno unayoyaweka kwenye posti sasa yanafanya kazi hata nje ya programu yenyewe.

Hatua 1: Andika mada kwa mdomo wa anayetafuta

Chukua karatasi uandike mambo 5 ambayo watu hukuuliza, kwa maneno yao walivyoyasema, hata kama si fasaha. Mtaalamu husema "mimea ya ndani", lakini wengi wanaotafuta huandika "maua ya ndani" hata pale wanapozungumzia mmea usiotoa ua kamwe. Mtaalamu anasema "umwagiliaji uliokithiri". Mwenye chungu mkononi anaandika "majani yananyauka". Usimsahihishe hapa. Utamfundisha jina sahihi ndani ya posti, akishafika.

Sehemu nzuri ya kupata maneno haya ni maoni yaliyo chini ya posti zako na za wengine wanaofundisha jambo lile lile. Nakili maswali kama yalivyo, pamoja na tahajia zake.

Hatua 2: Vuna maneno kwenye visanduku vya kutafutia

Fungua Google katika hali fiche, kisha Pinterest, Instagram, TikTok na YouTube. Kwenye kila kimoja:

1. Andika mwanzo wa neno, kwa mfano "majani ya maua", usibonyeze kutafuta. Nakili mapendekezo yote yanayojitokeza.
2. Ongeza nafasi na herufi moja moja: "majani ya maua k", "majani ya maua n", na kadhalika. Orodha hubadilika kila mara.
3. Tanguliza maneno ya kuuliza: "kwa nini", "jinsi ya", "namna ya", "dawa ya". "Jinsi ya" na "namna ya" maana yake ni moja, lakini orodha zake hazifanani. Jaribu zote mbili.
4. Sasa bonyeza kutafuta, ushuke hadi chini ya ukurasa wa Google uchukue utafutaji unaohusiana.

Kiswahili kina jambo lake ambalo miongozo ya lugha nyingine haitakuambia. Maneno yetu hubadilika mwanzoni: chungu na vyungu, ua na maua, jani na majani. Mapendekezo nayo huongozwa na herufi za mwanzo, kwa hiyo anayeanza na "ch" na anayeanza na "vy" wanafunguliwa milango miwili tofauti. Vuna umoja na wingi kila mmoja peke yake, na usitegemee kwamba mtandao utajua ni kitu kile kile. Vitenzi ni hivyo hivyo: "kumwagilia", "namwagilia", "unamwagiliaje".

Wengi pia huchanganya Kiswahili na Kiingereza kwenye utafutaji mmoja. Ukiona mchanganyiko huo kwenye mapendekezo, uandike ulivyo. Hiyo ndiyo lugha ya watu wako.

Ukifikisha maneno 40 hadi 60, simama. Zaidi ya hapo unakusanya marudio.

Hatua 3: Pima uzito

Ingia Google Trends, linganisha hadi maneno 5 kwa wakati mmoja. Mambo matatu ya kuzingatia:

Kwanza, namba za pale ni za uwiano, kutoka 0 hadi 100. Mia moja ni kilele cha ulinganisho huo ulioufungua, si watu 100 wala watu 100,000. Ukibadilisha neno moja kwenye ulinganisho, namba zote zinaweza kuhama.

Pili, juu ya grafu kuna sehemu ya kuchagua aina ya utafutaji. Badilisha kutoka utafutaji wa wavuti kwenda utafutaji wa picha, kisha YouTube. Neno linaloinuka upande wa picha ni dhahabu kwa kazi hii, hata kama upande wa wavuti limelala.

Tatu, weka kipindi cha miaka 5 ili uone msimu. Kama mstari unapanda miezi ile ile kila mwaka, andika miezi hiyo kwenye safu ya msimu.

Kwa maneno mengi ya Kiswahili utaambiwa data haitoshi. Usilifute neno kwa sababu hiyo. Maana yake ni kwamba utafutaji haujafika kiwango cha kuchorewa grafu, si kwamba hakuna anayelitafuta. Pima neno pana zaidi ("maua ya ndani"), kisha kwa yale membamba tegemea mapendekezo ya hatua ya 2: pendekezo likijitokeza lenyewe kwenye mitandao miwili au zaidi, lina watu. Pinterest nayo ina ukurasa wake wa mielekeo, Pinterest Trends, ingawa haujafunguliwa kwa kila nchi.

Hatua 4: Tazama picha zilizopo kabla hujachora yako

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, na ndiyo inayookoa muda mwingi zaidi. Chukua maneno yako 10 bora, tafuta kila moja kwenye Google upande wa picha, kisha Pinterest na Instagram. Tazama picha 20 za kwanza tu. Unatafuta majibu ya maswali haya:

*Neno linaleta kitu chako kweli?* Andika "chungu" peke yake ujionee. Ni chombo cha kupandia, ni wadudu wanaotembea kwa mistari, na pia ni ladha. "Ua" ni la kunusa, ni uzio wa nyumba, na ni kitenzi cha kutisha. Neno lenye maana tatu litakuletea wageni ambao hawakukutafuta, nao watapita bila kugusa kitu, jambo linaloushawishi mtandao kwamba posti yako haifai. Liongezee neno la kulibana: "chungu cha kupandia maua".

*Picha zilizopo ni za namna gani?* Zikiwa zote ni picha za karibu za jani moja, hiyo ndiyo picha ambayo watafutaji huibonyeza. Zikiwa zote ni michoro yenye maandishi, vivyo hivyo. Fuata umbo linalofanya kazi, kisha tofautisha kwa rangi au pembe. Kama 18 kati ya 20 zina mandhari ya kijani, yako yenye mandhari ya krimu itaonekana ikiwa imesimama peke yake.

*Zilizopo zinajibu swali?* Mara nyingi utakuta picha nzuri za majani ya njano zisizosema hata neno moja kuhusu sababu. Pengo hilo ndilo nafasi yako.

Hatua 5: Chagua neno moja kwa kila posti

Toa alama 0 hadi 2 kwa kila kigezo: watu wanalitafuta, nia yake iko wazi, picha zilizopo ni dhaifu, na wewe una cha kusema. Neno lenye alama 6 kwenda juu kati ya 8 linastahili posti. Lenye 0 kwenye kigezo cha mwisho liache, hata kama mengine yote ni 2.

Kwa mfano wetu, tuseme limeshinda "majani ya maua yanageuka njano". Hilo ndilo neno kuu. Chagua wasaidizi wawili au watatu: "maua ya ndani", "kwa nini majani yanakuwa ya njano", "kumwagilia maji mengi".

Onyo: usijaribu kubebesha posti moja maneno makuu mawili kwa kuwa "yanakaribiana". Majani kugeuka njano na majani kukauka ncha ni dalili mbili, zina picha mbili. Zifanye posti mbili.

Hatua 6: Nia ndiyo inachagua umbo

Kabla ya vipimo, jiulize anayetafuta anataka kuondoka na nini.

- Ana tatizo: mwonyeshe dalili kwa karibu kwenye picha ya kwanza, ili aseme "ni hili langu". Suluhisho lifuate.
- Anataka kufanya kitu: posti ya picha nyingi za kutelezesha, kila picha tendo moja.
- Anatafuta mawazo: mkusanyiko wa picha 4 hadi 9, maandishi machache.
- Analinganisha: safu mbili, vigezo vile vile pande zote.

Neno letu ni la tatizo. Mpango wake: picha ya 1, jani la njano kwa karibu na swali. Picha ya 2, kidole kikiwa ndani ya udongo, kina cha sentimita 3, kwa sababu hicho ndicho kipimo cha kwanza. Picha ya 3 hadi ya 6, sababu nne: maji kupita kiasi, mwanga hafifu, upungufu wa naitrojeni, na jani la chini kuzeeka tu, ambalo halihitaji tiba. Picha ya 7, jedwali dogo la dalili na la kufanya. Jedwali hilo ndilo watu watakalolihifadhi, kwa hiyo lisomeke hata likiwa peke yake.

Hatua 7: Turubai

Sasa fungua programu ya kuchora. Vipimo, upana kwa urefu, kwa pikseli:

- Pinterest: 1000 × 1500.
- Posti ya Instagram: 1080 × 1350. Tangu mwaka 2025 gridi ya wasifu huonyesha uwiano wa 3:4, kwa hiyo picha hii hukatwa takriban pikseli 34 kila upande ikiwa kwenye gridi. Usiweke herufi kwenye kingo hizo.
- Stories na Reels: 1080 × 1920. Kwa Stories acha wazi pikseli 250 juu na 340 chini. Majina na vitufe hufunika hapo. Kwenye Reels acha nafasi kubwa zaidi chini, kwa kuwa maelezo hupanda juu zaidi.
- Picha ya jalada ya video ya YouTube: 1280 × 720. Kona ya chini kulia hufunikwa na muda wa video, neno lolote likiwekwa hapo limepotea.
- Picha inayojitokeza ukishiriki kiungo Facebook: 1200 × 630.

Usichukue picha moja na kuinyoosha iingie kote. Tengeneza ya Pinterest na ya Instagram kando kando, maneno yale yale, mpangilio tofauti.

Hifadhi kwa rangi za sRGB, mfumo wa kawaida wa rangi za skrini. Picha ya kamera iwe JPEG ya ubora wa juu. Mchoro wenye maandishi mengi na rangi bapa uwe PNG, kwa sababu JPEG huacha ukungu pembeni mwa herufi, na mtandao ukiibana mara ya pili ukungu huongezeka.

Hatua 8: Maandishi juu ya picha

Neno kuu liwe kwenye picha yenyewe, kubwa, theluthi ya juu. Si lazima neno kwa neno. "Majani yanageuka njano?" inatosha, kwa sababu picha inaonyesha ni majani ya nini.

Ukubwa wa herufi ndio unaowaangusha wengi, na sababu ni kwamba wanachora kwenye kompyuta. Turubai ya pikseli 1080 ikifunguliwa kwenye simu husinyaa hadi karibu theluthi moja. Herufi ya pikseli 48 inageuka kuwa kama ya 16, ukubwa wa kusomeka bila kukunja uso. Basi 48 ndiyo sakafu yako kwa maelezo madogo ya Instagram, na kichwa kiwe 90 au zaidi. Pinterest huonyesha safu mbili kwenye simu, hivyo picha husinyaa zaidi: anzia 90 kwa maandishi ya kawaida na usiogope 130 kwa kichwa.

Kiswahili kina maneno marefu. "Yanayosababishwa" peke yake inaweza kula mstari mzima. Punguza: badala ya "Mambo yanayosababisha majani kugeuka njano", andika "Sababu 4 za majani ya njano". Kata mistari mahali ambapo ulimi unapumua. Usiache "ya", "na" au "kwa" ikining'inia mwisho wa mstari. Ishushe ikae na neno lake.

Tofauti ya rangi kati ya herufi na mandhari iwe angalau 4.5:1 kwa maandishi ya kawaida na 3:1 kwa makubwa. Hivyo ndivyo vipimo vya miongozo ya ufikiaji ya WCAG, na kuna vikokotoo vya bure mtandaoni vya kuvipima. Herufi nyeupe juu ya jani la njano hazifiki hata karibu. Weka ukanda wa rangi nzito nyuma yake.

Jaribio la mwisho: tuma picha kwenye simu yako, ishike kwa urefu wa mkono, skrini ikiwa na mwanga nusu. Usichoweza kusoma hapo hakipo.

Hatua 9: Maneno nje ya picha

*Kichwa cha Pinterest.* Nafasi ni herufi 100, lakini takriban 40 za mwanzo ndizo zinazoonekana kwenye mtiririko. "Majani ya Maua Yanageuka Njano: Sababu 4 na la Kufanya": hesabu, herufi 40 zinaishia kwenye "Sababu 4". Neno kuu limeingia lote.

*Maelezo ya Instagram.* Yanaruhusiwa hadi herufi 2,200, ila zinazoonekana kabla ya kubonyeza "zaidi" ni kama 125. Mstari wa kwanza ubebe neno kuu na sababu ya kuendelea kusoma: "Majani ya maua yako ya ndani yanageuka njano? Kabla ya kuongeza maji, ingiza kidole kwenye udongo sentimita 3." Wasaidizi waingie kwenye sentensi zinazofuata, kila mmoja mara moja, kwa mazungumzo ya kawaida. Ukisoma kwa sauti na ulimi ukajikwaa kwenye neno lililolazimishwa, litoe.

*Maandishi mbadala.* Haya yapo kwa ajili ya wasioona, wanaosomewa picha na programu ya simu. Yaandike kwa ajili yao, na utafutaji utafaidika kama zawadi. Kwenye Instagram utayakuta katika mipangilio ya ziada unapochapisha, kwa jina "alt text". Mfano mzuri: "Jani la chini la mmea wa ndani limegeuka njano kingoni, mshipa wa kati bado kijani, udongo wa chungu umelowa." Mfano mbaya: "maua, maua ya ndani, majani njano, dawa ya maua, chungu." Huyo asiyeona umemwachia orodha ya sokoni. Usianze na "picha ya", programu imeshamwambia kuwa ni picha.

*Hashitagi.* 3 hadi 5, zinazotaja kitu chenyewe. Bonyeza kila moja utazame posti zake za karibuni kabla ya kuitumia. Hashitagi nyingi za Kiswahili zenye neno moja zimevamiwa na mambo mengine kabisa. Ukiunganisha maneno, anza kila neno na herufi kubwa, #MauaYaNdani, ili programu ya kusomea iyatamke vizuri.

*Jina la wasifu.* Sehemu ya jina kwenye Instagram, yenye nafasi ya herufi 64, hutafutwa. Weka hapo neno pana la kazi yako, mfano "Utunzaji wa Maua ya Ndani". Hubadilishwa mara mbili tu ndani ya siku 14, kwa hiyo amua kabla ya kugusa.

*Jina la faili.* Mitandao mingi hulibadilisha ukishapakia, basi usipoteze saa hapo. Lina maana pale picha inapokaa kwenye tovuti yako: majani-ya-maua-njano.jpg, kwa vistari, si IMG_2041.jpg.

Hatua 10: Chapisha na uandike tarehe

Kama neno lina msimu, usisubiri kilele. Pinterest inahitaji muda kuisambaza picha, tangulia wiki 6 hadi 8. Instagram wiki moja au mbili zinatosha. Neno lisilo na msimu litoe siku yoyote.

Kwenye lahajedwali ongeza tarehe, kiungo, na takwimu za siku ya 7, ya 30 na ya 90: mara ilizoonekana, zilizotokana na utafutaji kama mtandao unazionyesha, waliohifadhi, waliobonyeza kiungo. Tazama waliohifadhi kuliko waliopenda. Anayehifadhi ana tatizo na ameona jibu.

Mambo yakienda kombo

*Nimetafuta neno langu na posti siioni.* Usitafute kwa akaunti ile ile uliyochapishia, matokeo yako yamepikwa kwa historia yako. Tumia akaunti nyingine au simu ya mtu. Hakikisha akaunti ni ya umma. Kama ni siku ya pili tu, subiri. Pinterest huweza kuchukua wiki kadhaa. Baada ya siku 30 bila chochote, rudi hatua ya 4: huenda neno lina maana nyingine inayotawala.

*Inaonekana sana, hakuna anayebonyeza wala kuhifadhi.* Neno ni sahihi, picha ndiyo haijibu. Mara nyingi picha ya kwanza imetoa jibu lote, au haionyeshi kabisa kuwa kuna jibu ndani. Badilisha picha ya kwanza peke yake, maneno yaache. Ukibadilisha vyote kwa pamoja hutajua kilichosaidia.

*Wanaohifadhi ni wengi, wanaobonyeza kiungo hakuna.* Kwa posti ya jedwali hilo ni jambo jema. Ukitaka waje kwenye tovuti, acha kitu kimoja cha kweli nje ya picha, kama vipimo vya mbolea, na ukitaje waziwazi kwamba kipo huko.

*Picha imekuwa na ukungu baada ya kupakia.* Angalia mambo matatu kwa mpangilio huu: upana haukuwa 1080, umeituma kwanza kupitia programu ya ujumbe iliyoibana, au simu imewekwa kwenye hali ya kubana data. La pili ndilo la kawaida zaidi. Hamisha faili kutoka kompyuta kwa hifadhi ya mtandaoni au waya.

*Rangi zimefifia.* Faili imehifadhiwa kwa rangi za uchapaji, CMYK, au wasifu mwingine wa rangi. Hifadhi upya kwa sRGB.

*Wanakuja watu wasiohusika.* Soma maoni yao, watakuambia neno lipi limewaleta. Kama waliofika kwa "chungu" wanauliza dawa ya wadudu, ongeza neno la kulibana kwenye mstari wa kwanza na kwenye picha, kisha ondoa hashitagi iliyo pana.

*Posti moja imepaa, zilizofuata zimelala.* Fungua ile iliyopaa, chukua neno lake kuu, uliweke tena kwenye kisanduku cha kutafutia na kuvuna matawi yake kama hatua ya 2. "Majani ya maua yanageuka njano" likifanya vizuri, matawi yake ni aina ya mmea mmoja mmoja, mahali pa kuuweka, na umri wa jani. Kila tawi lina picha yake ya karibu, na kamera yako iko karibu na chungu tayari.

*Nina posti mbili za neno lile lile, zinapigana?* Pinterest haina tatizo na picha mpya kwa neno la zamani, mradi picha iwe tofauti kweli na si ile ile iliyobadilishwa rangi. Kwa Instagram achanisha miezi miwili au mitatu, na ya pili ijibu swali lililobaki kwenye maoni ya ile ya kwanza.